Mzizi wa Mgunga Hauna Habari na Dhahabu

Kalangalala, Geita

Mke wangu Mama Milembe,

Nina miaka sabini na moja. Nimewazika ndugu zangu wote wa tumbo moja. Nimetoka hai kwenye maduara mawili ya machimbo yaliyobomoka, moja kwa sababu nilikuwa nimepanda juu kuvuta sigara. Na nimempita umri yule mganga aliyesema sitafika mavuno. Kaburi lake nilishika koleo mimi mwenyewe. Nayasema haya mwanzoni ili ujue anayekuandikia ni mzima, hajazidiwa, wala hajalishwa kitu.

Mwangaluka. Goti lako linasemaje na ubaridi huu wa asubuhi? Paa la jiko bado linavuja upande wa mafiga, au yule fundi ameikumbuka njia ya kwetu? Yule ndama mwenye baka jeupe ameshaacha kunyonya? Nataka majibu ya yote, tena kwa mpangilio huohuo, usianze na la ndama kwa kuwa ndilo unalolipenda. Mimi sijambo. Mguu ulioteleza umepona kiasi kwamba nautumia kumfukuza jogoo wa jirani.

Najua utauliza kwa nini barua wakati kila mtu ana simu. Simu ninayo. Wewe ndiye huipokei. Tangu nilipokuambia uwapeleke maksai wetu, Dereva na Konda, wakauzwe mnadani ili ninunue matimba ya kuegemeza kuta za duara, ulisema "Sawa", basi, na tangu hapo simu inaita mpaka inachoka. Nimekaa na wewe muda mrefu. Ukisema sawa ukanyamaza, hiyo siyo sawa. Milembe alitaka akupigie yeye, nikamkataza. Habari hii ni yangu, nitaitoa mimi, na kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kwenye kisomo cha watu wazima najua ulinitangulia, basi soma tu, usisahihishe.

Nianze na mzizi, kwa sababu yote yalianzia kwenye mzizi.

Pale mdomoni pa duara letu pana mti wa mgunga, mkubwa, ndio tunaotundikia madumu ya maji. Tulipoanza kuchimba tuliukuta mzizi wake ubavuni mwa duara, mnene kama mpini wa jembe. Tukashuka, nao unashuka. Tukafika kwenye jabali, mzizi ukakunja, ukalizunguka lile jabali kwa ubavu, na ulipolimaliza ukarudi kushuka vilevile. Wenzangu waliona mzizi. Mimi niliona dalili. Nikawaambia mti hauna wazimu wa kwenda mbali hivi bure. Unafuata maji, maji yanapita kwenye ufa wa mwamba, na kwenye ufa ndiko mali inakolala. Lile jabali ulilikataa kwa kuwa ni bovu. Basi kila mzizi ulipopinda, nasi tukapindisha duara. Geita nzima hakuna duara jingine lililochimbwa kwa kufuata mzizi. Mimi ndiye wa kwanza, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Mawe tulipeleka kwenye karasha yakasagwa, unga tukauosha kwenye karai, na kwenye karai hakikubaki kitu cha kung'aa. Wenye haraka wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki Hamisi, yule Mha wa Kigoma anayeendesha winchi yetu, mtu mpole, anaswali kwa wakati na hanibishii. Mimi nikitazama naona mzizi bado unashuka, mzima, umenona. Nikasema bado kidogo. Kuta nazo zikaanza kudondosha udongo, zikataka matimba, na fedha yangu yote duniani imesimama kwa miguu minane zizini kwako. Ndiyo maana ya ile simu. "Watu wa Geita wanakuja kuchimba Mwakitolyo, na wewe unaondoka ubavuni mwa Mwakitolyo kwenda kuchimba Geita." Hayo ni maneno yako ya siku naondoka, uliyasema mbele ya dada yako, akacheka mpaka akakaa chini. Sijayasahau.

Halafu nikateleza kwenye ngazi ya duara. Si kwa uzee. Ngazi ilikuwa na tope. Milembe akaja na bodaboda akanibeba mpaka hapa kwake. Kukaa kwa mkwe unajua kulivyo. Mzee mzima unafunga vifungo vyote vya shati tangu alfajiri, na chooni unanyata kama mwizi. Heri mkwe wetu anaendesha lori, leo Kahama upande wa Buzwagi, kesho Mwanza, tunapishana mlangoni kwa heshima zote na kila mtu anashusha pumzi.

Siku moja Milembe anasahihisha kazi za wanafunzi wake wa baiolojia, mimi namweleza habari ya mzizi wangu. Nilimweleza vizuri sana, kwa mikono na kwa mate. Akaweka kalamu chini.

"Baba," akasema, "mzizi unashuka kwa sababu chini ni chini. Hata kama huko chini hakuna kitu."

Nilikasirika. Nikamuuliza kama ni mimi niliyempeleka shule au ni shule iliyonileta mimi. Akasema mzizi ukiwa karibu na maji huweza kuyafuata, hilo hakatai, lakini tabia yake ya kwanza ni kushuka. Nikamwambia tabia haina macho. Mimi duarani, bila timazi, ile kamba yenye jiwe, siwezi kujua kama ukuta umesimama au umelala, na mimi ni mimi. Mzizi uko gizani, hauna jicho, hauna sikio. Timazi yake iko wapi? Akacheka, akasema hilo ni swali la mtihani, na jibu lake atanionyesha kwa macho, hatanihubiria.

Masharti nikatoa mimi, maana watu wa shule wana ujanja. Maji yakae juu, chini kuwe kukavu. Tukachukua kopo angavu, yale makubwa ya dukani ya kuwekea pipi. Tukashindilia kitambaa kibichi chini ya mfuniko, punje za mahindi tukazibana kwenye kitambaa kwa pini. Ni yale mahindi ya mbegu uliyonifungia kwenye kanga. Ncha zake tulizilaza pembeni, zisitazame juu wala chini, mtu asije akasema zilipendelewa. Tukafunga. Chini ya kopo hakuna hata tone. Nikasema sasa tuone nani anaujua mzizi.

Mizizi ilipochomoza, Mama Milembe, ilikigeuzia kitambaa mgongo. Maji yapo hapo, yanaigusa kisogo, na yenyewe inateremka kwenye hewa tupu kuelekea kusiko na kitu. Nikasema imepotea, ni mahindi ya Shinyanga, hayajazoea mji.

Nikaamua kuyatia adabu. Milembe akienda shule mimi nalilaza kopo. Akirudi, mizizi imeshakunja ncha zake kushuka, kama kidole kinachomwita mtu. Nikalilaza upande mwingine, ikakunja tena. Mzizi mmoja niliuzungusha mpaka ukawa kama ngazi za ghorofa, na bado ulijua chini ni wapi kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nilicheka kwa sauti mpaka mama wa jirani akachungulia ukutani, akaniamkia, akauliza mzee unacheka na nani. Nikamjibu nacheka na mbegu. Akawaita watoto wake wakaingie ndani. Lakini nakuambia kweli, nilianza kuipenda ile mizizi. Nikiamka naisalimu kabla ya mtu.

Jumamosi Milembe akanipeleka shuleni kwake, kwa kuwa nilisema ya ndani ya mzizi sitayaamini kwa mdomo. Nikavaa koti. Mlinzi wa geti akadhani ni mkaguzi, akafungua geti lote mpaka upande wa magari, nami sikumsahihisha. Milembe alikuwa ameuzamisha mzizi kwenye spiriti ili vilivyomo visihame, akaikata ncha vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akadondoshea aiodini, akaniweka kwenye hadubini. Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe, nyeusi, ndefu kama majani ya mtama. Akaniambia nisikaze jicho. Nikalegeza. Ikaja.

Vyumba. Vyumba vidogo vimepangwa kama sega la nyuki, ndizo hizo wanazoita seli. Kwenye ncha kabisa mzizi una kofia, kama ile tunayovaa duarani. Ndani ya kofia, katikati, kila chumba kina punje ndogondogo zimekolea weusi wa buluu, na punje zote, chumba kwa chumba, zimelala upande mmoja. Milembe akasema huo ni wanga. Wanga uleule wa ugali. Mzizi umebeba ugali kwenye kofia, na ugali huo ndio jiwe lake la timazi. Mzizi ukisimama, punje zinatua kwenye sakafu ya chumba. Ukiulaza, zinaporomoka mpaka kwenye ule uliokuwa ukuta wa pembeni, maana sasa huo ndio sakafu, na chumba kinatambua kwamba mambo yamegeuka.

Niliinuka kwenye kiti. Ni karai! Maisha yangu yote naosha mchanga kwenye karai, natikisa, kizito kinakaa chini, chepesi kinakwenda na maji. Kumbe mahindi yanafanya kitu hichohicho ndani ya ncha ndogo kuliko ya sindano, shambani kwetu, chini ya nyayo zangu, na hayajawahi kujisifu.

Nikambana. Nikasema sawa, punje imeanguka, ni nani basi anayeukunja mzizi? Hauna mfupa wala mshipa. Akasema mmea una kichocheo mwilini mwake, na punje zikianguka, kichocheo hicho kinatumwa zaidi upande wa chini. Kwenye mzizi kazi yake ni kuzuia. Seli za upande wa chini zinarefuka kidogo kidogo, za upande wa juu zinaendelea na mwendo wao. Nikamwambia nyamaza, hapo nimalizie mimi, hiyo ni kona ya shamba. Ukifika mwisho wa shamba na plau, huwageuzi ng'ombe kwa kuwasukuma. Unamzuia wa ndani, Konda, aende taratibu, unamwachia Dereva wa nje atembee, nira yenyewe inazunguka. Milembe akanitazama, akasema hivyo ndivyo atakavyowafundisha wanafunzi wake. Na amewafundisha kweli. Mmoja aliuliza kama ng'ombe nao wana wanga kichwani.

Kitu kimoja tu hakunijibu. Punje ikianguka, chumba kinausikiaje mwanguko wake? Akasema hapo hata wataalamu bado wanatafuta, wamepata vipande, hawajapata chote. Nilifurahi kusikia kwamba duniani kuna wengine nao wamo duarani wanapapasa.

Utasema hapo niliridhika. Sikuridhika. Tuliporudi nyumbani nikachukua wembe, nikapunguza kofia ya mzizi mmoja, kidogo tu, kama mtu anayekata ukucha wa mtoto, kisha nikaulaza. Ulirefuka, lakini ulikwenda moja kwa moja pembeni, haujui juu wala chini, kama mlevi anayetafuta kwake. Nikauonea huruma. Nikakaa nao. Baadaye kofia ikaota upya na mzizi ukakunja, ukashika njia ya chini kama vile hakuna kilichotokea.

Nikatafuta kigoda nikakaa. Maana hapo, Mama Milembe, niliuona mzizi wangu wa mgunga. Lile jabali haukulikataa. Ulizuiliwa tu, ukapita ubavuni, ulipopata nafasi punje zake zikatua na ukarudi njia yake. Hauna habari na dhahabu. Ningeweza kuufuata mpaka kwa wazee waliotangulia na bado ungekuwa unashuka, kwa sababu chini haina mwisho wake. Na mimi ningekuwa nyuma yake, na matimba ambayo ningeyanunua kwa fedha ya Dereva na Konda yakiwa juu ya kichwa changu.

Milembe aliniona nimekaa pale. Akapita na ndoo ya maji, akarudi, akapita tena, hakusema neno. Kwa hilo nimempa baraka zangu zote. Ungekuwa wewe ungesema.

Ilipopambazuka nikachukua fimbo na bodaboda mpaka machimboni. Nimekwenda nimejipanga, najua nitakavyomwambia Hamisi polepole asije akaumia, mtu amenisubiri muda wote huo. Nikamkuta chini ya mgunga anakaanga mihogo, wachimbaji wamepanga foleni wanamwita bosi. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, Hamisi mwanangu, vumilia, tunalifunga duara.

Akainamisha kichwa. "Mzee," akasema, "mbona mimi nililifunga siku ileile ulipoteleza? Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Nikatazama. Mdomo wa duara umefunikwa magogo, juu yake kuku wamelala. Winchi inachota maji ya kisima cha jirani. Nikamuuliza kwa hiyo kila nilipompigia simu akasema tunaendelea vizuri, alikuwa anaendelea na nini? Akasema na mihogo. Nilitaka kumpiga fimbo, nikacheka, naye akacheka, wale wa foleni wakacheka bila kujua kitu. Akanipa sahani iliyojaa, na pilipili. Mihogo yake ni mizuri. Tulipomaliza tukaanza kurudisha kifusi shimoni, vijana wa foleni wakatusaidia, mpaka pale pamekuwa uwanja na mtoto hawezi kutumbukia. Kuna waliotaka kuukata mgunga wauchome mkaa. Nimewakataza. Nimewaambia mti ule haujamdanganya mtu, na atakayeugusa nitarudi hapa kwa miguu.

Sasa tuje kwenye maksai. Najua hawajauzwa. Milembe ameteleza ulimi, usimgombeze, nilimbana kwa maswali mpaka akachoka. Najua kwamba siku ileile uliposema sawa uliwaswaga Dereva na Konda mpaka kwa kaka yako Mabula, ukawachanganya na ng'ombe wake, ili nikimtuma mtu akute zizi jeupe. Kisha ukakaa kimya huko na goti lako, unasikia simu inaita, unaendelea kupepeta mtama wako. Nimekuwa nikikuita mbishi mbele ya watu. Nitaendelea kukuita hivyohivyo, ila sasa nitakuwa nikikusifu. Ungenitii, barua hii angekuwa anaiandika Milembe, na habari zake zingekuwa nyingine.

Kawachukue. Mwambie shemeji nakwenda kumshukuru mwenyewe, na kwamba kama amewatumia kulima shamba lake tutaongea. Plau itolewe darini ipakwe grisi. Nakuja kabla mvua za kupandia hazijakolea. Na kuanzia msimu huu natoa ruhusa: ile kazi ya mimi kukusimamia kwenye mfuo nikikuambia geuza punje, ncha itazame chini, imekwisha. Tupa mbegu zako utakavyo. Zina akili zake.

Watu wakikuuliza, usiseme mzee amerudi mikono mitupu. Sema mzee amerudi kulima, na kwamba ameona ndani ya mzizi. Hapo kijijini nionyeshe mwingine aliyeona ndani ya mzizi.

Nisalimie shemeji Mabula, mficha ng'ombe. Nisalimie dada yako, mwambie acheke tena nikifika, nitakaa nimsikilize. Nisalimie mjane wa kaka yangu, ugoro wake ninao mfukoni na sijauonja. Nisalimie katekista wa kigango, mwambie nina maswali kuhusu mbegu iliyoanguka ardhini. Fundi wa paa usimsalimie mpaka apande juu. Milembe anakuamkia shikamoo, na mkwe wetu pia, kupitia mlangoni. Wabeja sana, asante kwa yote, mke wangu.

Atakayesema nimetunga, Milembe alikuwepo, yeye ndiye aliyeniwekea jicho kwenye hadubini. Ya duara ataapa Hamisi wa Kigoma, na kuku wake wamehamishwa mbele ya watu. Mlinzi wa geti la shule ataapa pia, ingawa yeye ataapa kwamba alikuja mkaguzi. Ila kwamba ninarudi kwa furaha na wala si kwa kushindwa, hilo bado halina shahidi. Simama kituoni unitazame nikishuka kwenye basi, halafu uwe wewe.

Mumeo,
Nkwabi